Ya Mgongo, ya Usingizi, ya Baridi

Katika zahanati nyingi za mitaa ya mabanda ya Nairobi, mzee akiulizwa kama anakunywa pombe hujibu kwamba hanywi. Swali limemfikia kama mashtaka. Anayeuliza ni kijana wa umri wa mjukuu wake, mlango uko wazi, na kwenye benchi nje wamekaa majirani wanaosikia kila neno. Mzee amekuja kuchukua dawa ya presha, hakuja kuhukumiwa. Basi husema, "Hapana, daktari, niliacha zamani." Kijana huandika, na foleni husonga.

Badilisha swali. Mwulize: "Guka, usiku unalalaje? Mgongo ukiuma unafanya nini?" Hapo majibu hutoka bila kusitasita. Kuna glasi ya chang'aa jioni, ya kuleta usingizi. Kuna nyingine alfajiri mwezi wa Julai, ya baridi. Kuna vidonge vya maumivu kutoka kioskini, kila siku, tangu mwaka juzi. Kuna ugoro, lakini huo hata hauhesabiki. Kwa maelezo yake mwenyewe, mzee huyu si mlevi wala hatumii dawa za kulevya. Anajitibu.

Naona tumsadiki. Tunapotazama vileo na vidonge mikononi mwa wazee maskini wa mjini, huwa tunakimbilia kuuliza kitu hiki kinamfanya nini mzee, kabla hatujauliza kinamfanyia nini. Majibu ya swali la kwanza ni mazito, na sehemu kubwa ya sura hii itayaeleza kwa kirefu. Lakini asiyejua kileo kinasimama badala ya kitu gani, iwe ni blanketi, daktari wa mifupa, chakula cha jioni au mtu wa kuzungumza naye, hatakuwa na cha kumpa mzee isipokuwa mawaidha. Na mawaidha mzee amekwisha kuyasikia, tena kanisani na msikitini, kutoka kwa watu wanaojua kuyatoa vizuri zaidi.

Yapo mazoea ya kudhani kwamba mitaa ya mabanda ni ya vijana tu, na kwamba mtu akizeeka hurudi kwao mashambani akazeekee huko. Kwa wengi ndivyo ilivyokuwa. Lakini wapo wasio na kwao pa kurudi. Kuna waliouza shamba, walionyang'anywa na ndugu, walioachwa na waume, waliozaliwa mjini humo humo. Kituo cha utafiti cha APHRC, chenye makao yake Nairobi, kimekuwa kikifuatilia maisha ya wakazi wa Korogocho na Viwandani, nyumba kwa nyumba, tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Moja ya mambo yaliyojitokeza wazi ni kwamba wazee wapo, wanaumwa na wanazikwa wakiwa wakazi wa mjini. Viwandani, iliyo kando ya viwanda vya Industrial Area, huhamwa sana kwa sababu wengi huja kutafuta vibarua na kuondoka. Korogocho watu wamekaa zaidi, na ndiko utakakomkuta shosho aliyelea watoto wake, kisha wajukuu, katika chumba kile kile cha mabati karibu na jalala la Dandora.

Jalala hilo lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Takataka hazikuacha kumwagwa wala moshi haukukoma. Mzee wa Korogocho anayevuta sigara au kunusa ugoro huvuta juu ya moshi wa jalala, juu ya moshi wa makaa na mafuta ya taa, juu ya miaka mingi ya vumbi la kibarua. Kikohozi chake kina baba wengi, na kukitupia tumbaku peke yake ni kuwapunguzia wengine lawama.

Bonde la Mathare, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, lina historia yake ya pekee, nayo ni historia ya wanawake. Bonde hilo lilibomolewa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa Nairobi na kupelekwa kizuizini. Baada ya uhuru watu walirudi na kujenga upya. Miongoni mwao walikuwa wanawake wengi wasio na waume wala ardhi, na kazi iliyokuwa wazi kwao ilikuwa kupika pombe ya busaa. Mwanaanthropolojia Nici Nelson aliishi na kutafiti kati ya wapishi hao miaka ya 1970, akaonyesha jinsi walivyokopeshana, walivyofichiana mali na walivyosaidiana polisi walipovamia. Msichana wa miaka 25 aliyekuwa akikoroga busaa wakati huo, kama yu hai, ana zaidi ya miaka 70 sasa. Amezeekea ndani ya biashara. Amepumua moshi wake kwa nusu karne, ameonja kila pipa kabla ya kuuza, maana mpishi asiyeonja hapati wateja, na wateja wake wamezeeka pamoja naye. Tunapozungumza juu ya wazee na pombe Mathare tusisahau kwamba mama pima, yaani mpishi na muuzaji wa pombe, naye ni mgonjwa, na mara nyingi ndiye mgonjwa wa kwanza.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe.

Mzee anayesema "nakunywa kile kile nilichokuwa nakunywa nikiwa kijana" husema kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwili wa mwanamume kijana ni maji kwa kiasi cha takribani asilimia 60. Uzeeni kiwango hicho hushuka kuelekea asilimia 50, misuli hupungua na mafuta huongezeka. Pombe huenea kwenye maji ya mwili, haiendi kwenye mafuta. Maji yakipungua, glasi ile ile huwa kali zaidi ndani ya damu. Ini nalo hupata damu kidogo kuliko zamani, na figo huchuja polepole. Kwa wanawake maji ya mwili ni machache tangu mwanzo, kwa hiyo glasi ya shosho humpiga zaidi kuliko glasi hiyo hiyo inavyompiga mzee aliyekaa kando yake. Hakuna aliyebadilisha kipimo. Kilichobadilika ni chombo kinachopimiwa.

Matokeo yake ya kwanza huonekana miguuni. Njia za mitaa ya mabanda ni nyembamba, zina matope, zinakatwa na mitaro iliyo wazi, na usiku choo kiko mbali na hakina taa. Mzee ambaye angeyumba kidogo sebuleni kwa mwanawe mwenye nyumba ya mawe, huku huanguka mtaroni na kuvunjika nyonga. Nyonga iliyovunjika uzeeni huua watu wengi ndani ya mwaka mmoja, hata katika nchi tajiri zenye madaktari wa kutosha. Jirani watasema pombe ilimuua. Mtaro hautatajwa.

Jambo linalonitia hofu kuliko pombe yenyewe ni kinachokutana nayo tumboni. Tuchukue mtu wa mfano: mzee wa miaka 68, aliyebeba magunia na vyuma Industrial Area maisha yake yote, ana presha na sukari. Mwombe aje na mfuko wa kila anachomeza, akaumwage mezani. Utakuta enalapril na kidonge cha kupunguza maji, vyote vya presha, kutoka kliniki. Utakuta glibenclamide ya sukari. Chini yake kuna karatasi iliyofungia diclofenac, ambayo hakuandikiwa na mtu. Aliiomba dukani kwa ajili ya mgongo, akapewa, ikamsaidia, akarudi. Kuna Piriton, ambayo wengi Kenya humeza ili walale ingawa ni dawa ya mzio. Kuna kopo dogo la ugoro. Chang'aa haimo mfukoni, lakini imo.

Anza na diclofenac. Dawa za kundi hilo hukwangua utando wa tumbo hadi ukatoka damu, na pombe huongeza mkwanguo. Zinafanya mwili ushikilie chumvi na maji, hivyo presha hupanda na dawa za presha hupungua nguvu. Zikikutana na enalapril na kidonge cha kupunguza maji kwa pamoja, figo hubanwa kutoka pande tatu, na mzee aliyepoteza maji kwa kuhara au kwa kutokula anaweza kuharibikiwa na figo katika siku chache. Kliniki huona presha haishuki. Kliniki humwongezea dawa ya presha. Hakuna aliyeuliza habari za mgongo.

Nenda kwenye glibenclamide. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na haijali kama mzee amekula au hajala. Ini ndilo akiba ya mwili wakati wa njaa. Hutengeneza sukari mpya na kuimwaga kwenye damu. Pombe hulizuia ini lisifanye kazi hiyo. Basi mzee aliyemeza kidonge asubuhi, akashinda na chai kavu, akanywa glasi mbili jioni, sukari yake hushuka usiku hadi ubongo ukakosa chakula. Huanza kutetemeka, kutoka jasho, kusema maneno yasiyoeleweka, kutukana, kuyumba, kisha kuanguka. Ananuka chang'aa. Kila anayepita husema, "Mwache, amelewa, atalala iishe." Tone moja la damu kwenye kipimo cha sukari lingeonyesha kwamba mtu huyu anakufa na kwamba anaweza kuokolewa kwa sukari ya duka la jirani. Natamani jambo hili moja lijulikane na kila mhudumu wa bodaboda, kila mwalimu wa Jumapili na kila mama pima: mzee mwenye kisukari anayeonekana amelewa kupita kiasi alichokunywa, apimwe sukari. Kama kipimo hakuna na bado anaweza kumeza, apewe kitu kitamu. Kama hawezi kumeza, asinyweshwe chochote kwa nguvu, alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali.

Piriton ina sura ya upole, kwa sababu hata watoto hupewa ikiwa na ladha tamu. Lakini dawa za mzio za kizazi hicho cha zamani huzuia kemikali ambayo ubongo unaihitaji kwa kumbukumbu na ambayo kibofu kinaihitaji ili kibane. Kijana husinzia tu. Mzee huamka usiku haelewi yuko wapi. Na kama tezi dume yake imevimba, mkojo huweza kuziba kabisa, akaletwa hospitali analia kwa maumivu. Daktari Mmarekani Mark Beers mwaka 1991 aliongoza kutengenezwa kwa orodha ya dawa zisizofaa wazee, na hadi leo orodha hiyo, iliyohuishwa mara nyingi, hutaja dawa za namna hii. Hutaja pia diazepam, ambayo huuzwa kimyakimya kwa wasiopata usingizi. Kijana wa miaka 20 huchukua takribani saa 20 kupunguza nusu ya diazepam iliyomo mwilini. Mzee wa miaka 80 huchukua hadi saa 90. Akimeza kila usiku, cha leo hukuta cha jana na cha juzi bado vimo, na kufikia Ijumaa anatembea kama mtu aliye ndani ya maji.

Na ugoro, ule usiohesabiki? Huchanganywa na magadi, na magadi ndiyo huifungua nikotini ipenye haraka kwenye utando wa pua au wa mdomo. Kila mnuso hupandisha mapigo ya moyo na presha kwa muda. Shosho anayenusa mara ishirini kwa siku ana presha inayopanda mara ishirini, halafu anapimwa mara moja kwa mwezi. Simlaumu. Ugoro huondoa njaa, huchangamsha, na katika baraza la wazee kopo linalopitishwa kutoka mkono hadi mkono ni adabu na undugu. Lakini anayempima presha hana budi kumwuliza alinusa saa ngapi.

Kuhusu pombe ya kutengenezwa uchochoroni mengi yameandikwa, na mimi nitasema machache. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1980. Sheria ya mwaka 2010, ambayo wengi huijua kama Sheria ya Mututho, iliifuta marufuku hiyo na kuruhusu chang'aa iuzwe ikiwa imepikwa kwa leseni na kutiwa kwenye chupa zilizofungwa. Katika mabonde ya Mathare na Mukuru waliopata uwezo wa kutimiza masharti hayo ni wachache mno, hivyo mpishi aliendelea kukimbizana na polisi, na bei ya kukimbizana huingia kwenye pipa. Anayeharakisha hupunguza siku za kuchacha na kuongeza vitu vya kukazia. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Mukuru kwa pombe yenye methanoli, na wengine walibaki vipofu. Mwaka 2014 vifo vya namna hiyo viliikumba Kenya katika kaunti kadhaa kwa siku chache.

Methanoli yenyewe haina haraka. Mtu hunywa, hulewa kidogo, hulala. Ini huibadilisha polepole kuwa asidi, na asidi hiyo huua neva za macho. Dalili hutokea saa 12 hadi 24 baadaye: tumbo kuuma, kupumua kwa kasi, kuona ukungu mweupe. Hapo mzee yuko katika hali mbaya kuliko kijana kwa sababu moja isiyo ya kitabibu. Yeye amezoea kuona ukungu. Ana ugonjwa wa mtoto wa jicho ambao haujawahi kupasuliwa, kwa hiyo anasubiri hadi kesho, na kesho imechelewa. Dawa za kuokoa zipo, ila zinafaa tu kwa anayefika mapema.

Wapo pia wazee wa unga, nao ni kundi jipya machoni petu. Heroini ilianza kuenea pwani, Mombasa, Malindi, Zanzibar na Dar es Salaam, katika miaka ya 1980, na kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 kujidunga sindano kulikuwa kumeshika. Vijana wa maskani wa enzi hizo waliopona sindano, polisi na Ukimwi wana miaka 50 na 60 leo. Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni Hospitali ya Taifa ya Muhimbili Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Methadoni imewarudisha wengi majumbani kwao. Lakini mpango wa kumeza dozi kliniki kila siku mbele ya muuguzi ulibuniwa kwa miguu ya kijana. Mtu wa miaka 61, mwenye homa ya ini ya aina ya C na magoti yaliyokwisha, anayepanda daladala mbili kila alfajiri bila kukosa hata Idi na Krismasi, anabebeshwa mzigo ambao mhudumu aliyempangia hajawahi kuufikiria. Akipata kifua kikuu, rifampisini ya matibabu hufukuza methadoni mwilini haraka, naye huanza kuhisi arosto, yaani dalili za kukosa dawa, katikati ya dozi iliyokuwa ikimtosha. Asipoambiwa sababu, hudhani kliniki imemchakachulia dawa, na hurudi kijiweni. Hilo linazuilika kwa mazungumzo ya dakika tano na kuongezwa kwa dozi.

Nirudi kwa wanywaji, kwa sababu kuna ugonjwa mmoja unaoniumiza roho kwa jinsi tiba yake ilivyo rahisi. Anayekunywa sana na kula kidogo huishiwa na thiamini, vitamini B1. Bila hiyo sehemu fulani za ubongo hufa. Macho huchezacheza, hatua hupanuka kama za mtu aliye mashuani, na fahamu huvurugika. Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali hiyo mwaka 1881. Asipotibiwa, mgonjwa hubaki hawezi kushika jambo jipya: humsalimu mjukuu, mjukuu hutoka na kurudi, naye humsalimu upya kana kwamba hawajaonana mwaka mzima. Pengo la kumbukumbu hulijaza kwa hadithi ambazo yeye mwenyewe anaziamini. Mrusi Sergei Korsakoff aliandika habari zake miaka michache baadaye, mwaka 1887. Mtaani mzee huyo husemwa amerogwa, au uzee umemfika, au amepata laana ya baba yake. Watu humtafutia mganga. Thiamini ni miongoni mwa vidonge rahisi kabisa, na sindano yake ikitolewa mapema huweza kuuokoa ubongo. Kila zahanati inayohudumia mtaa wenye wanywaji ingepaswa kuwa nayo kama ilivyo na dawa ya malaria.

Kwa hiyo aache? Tahadhari hapa. Anayekunywa kila siku kwa miaka mingi akikatizwa ghafla anaweza kufa. Katika siku mbili au tatu za kwanza mikono hutetemeka, jasho humtoka, huona wadudu ukutani, hupata degedege. Hutokea baada ya msako wa polisi unaofunga mapipa yote ya bonde kwa wiki moja. Hutokea wodini pia: mzee amelazwa kwa nyonga iliyovunjika, hakusema kuhusu pombe, na usiku wa tatu anaanza kupiga kelele na kung'oa dripu. Wauguzi huogopa, ndugu hukemea pepo. Jambo lililohitajika ni mtu kujua kwamba kwa miaka thelathini hakuwahi kupitisha siku mbili bila glasi, na dawa za kumshusha taratibu chini ya uangalizi.

Vituo vya kurekebisha tabia havikujengwa kwa ajili yake. Ratiba ni ya mbio za asubuhi, mazungumzo ya vikundi kuhusu shule na kazi, na bili ambayo familia ya Korogocho haiwezi kuiona hata ndotoni. Hata maswali ya kupimia ulevi yalitungwa yakiwalenga watu wazima wa makamo. Ukimwuliza mzee kama pombe imemfanya akose kazini, atajibu kweli kwamba hapana, kwa kuwa kazi yenyewe haipo. Mwaka 1992 Frederic Blow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walitunga maswali ya wazee peke yao, na miongoni mwayo yamo yanayouliza kuhusu upweke na kuhusu kuruka chakula kwa sababu ya kunywa. Maswali hayo yangefaa sana huku kwetu, yakiulizwa kwa Kiswahili cha heshima, na mlango umefungwa.

Anayeweza kuyauliza yupo. Septemba 2023 Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mifuko yenye kipimo cha presha na cha sukari. Ni majirani. Wanaingia nyumbani, wanaona kama jiko liliwashwa jana, wanaona karatasi ya diclofenac juu ya kabati. Kazi niliyo tayari kuwaombea ni kumwaga mfuko wa dawa mezani mara moja kila miezi mitatu, kuandika kila kitu pamoja na glasi na ugoro, na kupeleka karatasi hiyo kwa daktari kabla hajaongeza kidonge cha nne. Daktari naye aanze na maumivu. Parasetamoli kwa saa maalumu na kwa kipimo kinacholijali ini la mnywaji, mazoezi ya mgongo, fimbo ya kutembelea, miwani. Nimeona mara nyingi mzee akipunguza glasi bila kuambiwa, kwa sababu tu mgongo umetulia na amelala.

Kuna tatizo ambalo mfuko wa mhamasishaji hauna kipimo chake. Tangu 2018 Mkenya aliyetimiza miaka 70 anaweza kupata shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, akisajiliwa na jina lake likitoka. Kwa shosho wa Mathare mwenye wajukuu watatu, kodi ya chumba peke yake huweza kuzimaliza, na anayebeba magunia akiwa na miaka 58 na mgongo wa mtu wa miaka 80 bado hajafikia hata hizo. Pipa la chang'aa hulipa karo, hununua unga, huzika wafu. Mwanamke wa miaka 74 anayepika kando ya mto Mathare amekwisha kuhubiriwa, kukamatwa na kumwagiwa, na Jumatatu alipika. Mhudumu wa afya atakayemkuta hapo ampime presha na asikilize mapafu yake, amwulize analalaje, amwonyeshe jinsi ya kuonja bila kumeza, amwachie sukari na namba ya gari la wagonjwa kwa ajili ya wateja wake, na arudi tena wiki ijayo, kwa kuwa pipa litakuwa motoni.